Mzazi wako Marekani ana Medicare na Medicaid? Usimsajili kwenye mpango wa bima kwa sababu ya kadi ya chakula

Baridi ya Minnesota

Wakuu, salaam. Wazee wa humu, shikamooni.

Kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba hapa Marekani ni msimu wa madalali wa bima. Simu za wazee wetu hazipumui. "Mama, unastahili kadi ya chakula kila mwezi, bure kabisa, nisomee tu namba iliyo kwenye kadi yako ya Medicare." Mama anasoma. Baada ya muda anakwenda kwa daktari wake wa miaka yote, dirishani anaambiwa bima yako mpya hatuipokei. Hapo ndipo mtoto wake ananitafuta.

Kazi yangu ni uratibu wa huduma za wazee na watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo nilibeba boksi kama wengi wetu: kuogesha wazee, kugeuza wagonjwa, zamu za usiku. Naandika kwa ajili ya wenye wazazi, wenza au ndugu walio na kadi zote mbili, Medicare na Medicaid. Watu wa namna hiyo ni zaidi ya milioni 12 nchi hii, na wa kwetu wamo.

Tuanze na kadi zenyewe, maana wengi wanapotelea hapo. Zote zilizaliwa siku moja, 30 Julai 1965, Rais Lyndon Johnson aliposaini sheria. Medicare ni ya serikali kuu: unaipata ukifika miaka 65, au ukiwa chini ya hapo lakini umeshapokea pesa za ulemavu za Social Security kwa miezi 24. Inalipa hospitali, madaktari na dawa. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo, serikali kuu na jimbo wanachangia, na kila jimbo lina taratibu zake. Ambacho Medicare hailipi ni yule mtu wa kuja nyumbani kumwogesha mama, kumvisha na kumpikia uji, mwezi baada ya mwezi. Hailipi pia kuishi kwenye nyumba ya wazee miaka na miaka. Mzigo huo ni wa Medicaid.

Sasa tazameni pesa zinavyotembea. Mama amepata kiharusi, mguu mmoja hauna nguvu. Jimbo likimlipia msaidizi wa kumshika anapoingia bafuni, haanguki, havunji nyonga. Aliyeokoa pesa hapo ni nani? Medicare, kwa sababu ndiyo ingelipa upasuaji. Jimbo limetoa, serikali kuu imevuna. Na kinyume chake pia: hospitali ikimtoa mapema kabla hajapata nguvu, akaishia nyumba ya wazee kwa kudumu, bili inahamia kwa jimbo. Kila mfuko unamsukumia mwenzake. Mgonjwa amebaki na kadi mbili, barua za aina mbili, namba mbili za kupiga, na hakuna hata mtu mmoja anayejua habari zake zote.

Tatizo hilo ndilo lililozaa mipango ninayotaka kuizungumzia. Inajulikana kama SNP, mipango ya Medicare kwa wenye mahitaji maalumu. Bunge liliiruhusu kwa sheria ya 2003, na 2018 ikafanywa ya kudumu. Kampuni ya bima inapewa na serikali kiasi fulani kwa kila kichwa kila mwezi, na kiasi hicho kinapanda mgonjwa akiwa na maradhi mengi. Baada ya hapo mzigo ni wao. Akilazwa wanalipa, asipolazwa chenji inabaki kwao.

Nina simu inanisubiri. Nakuja na sehemu ya pili.

Mzee wa Kijiweni

Siti ya mbele. Kahawa ipo, kashata zipo.

Mama Neema Houston

Mkuu, usije ukafanya kama wenzako wa humu. "Nakuja" halafu tunakutana Pasaka.

Baridi ya Minnesota

Nimerudi, dada.

Aina ziko tatu. D-SNP ni ya wenye kadi mbili. C-SNP ni ya wenye maradhi sugu yaliyoorodheshwa na serikali: kisukari, moyo kushindwa kusukuma damu, figo zilizofika mwisho, VVU, ugonjwa wa kusahau na mengine. I-SNP ni ya wanaoishi nyumba za wazee, au wanaohitaji huduma ya kiwango hicho kwa siku 90 na zaidi. Ninayoishi nayo kila siku ni D-SNP, nitakaa hapo.

Sheria inailazimisha kila SNP iwe na mwongozo wa utunzaji ulioandikwa na kukaguliwa. Mwanachama mpya afanyiwe tathmini ya afya ndani ya siku 90, kisha kila mwaka. Awe na mpango wake wa huduma, na timu ya kuufuatilia. Kwenye karatasi mipango yote inafanana. Tofauti utaiona ukiuliza nani anaifanya hiyo tathmini. Kuna kampuni ambazo ni simu tu: mtu wa kituo cha simu anasoma maswali, "Umeanguka mwaka huu?" Mama anajibu hapana, kwa sababu hakulelewa kumweleza mgeni shida zake. Kuna nyingine mratibu anafika nyumbani, anavua viatu, anakubali chai, halafu anaomba kuona dawa.

Hili la dawa niwape mfano mmoja, nimebadilisha mambo kidogo ili mhusika asijulikane. Bibi katoka hospitali, kila akisimama kichwa kinazunguka. Binti yake akaleta mfuko wa plastiki wa supamaketi, umejaa zile chupa za rangi ya chungwa, akaumimina mezani. Nikazipanga moja moja kwenye kitambaa cha meza, zinazofanana upande mmoja. Chupa moja ya zamani, kutoka duka la dawa la karibu na kwao, imeandikwa Lopressor. Nyingine mpya, ya duka la hospitali, imeandikwa metoprolol. Ni dawa ile ile ya presha. Moja ni jina la kibiashara, nyingine ni jina la dawa yenyewe. Bibi alikuwa anameza zote, asubuhi na jioni, na mapigo yake ya moyo yalikuwa 46 kwa dakika. Nikampigia nesi wa kliniki nikiwa pale pale mezani, daktari akaelekeza ipi iachwe. Hospitali walikuwa na orodha yao, kliniki walikuwa na yao. Zilipokutana zote mbili ni kwenye ule mfuko wa supamaketi.

Kabla ya kuondoka nikaomba kuona bafuni. Hakuna cha kushika ukutani, na mkeka ukiukanyaga unakwenda nao. Vyuma vya kushikia, kiti cha kuogea, usafiri wa kliniki, pampasi za watu wazima, saa za msaidizi: vyote vikiwa chini ya mpango mmoja naviagiza mimi. Vikiwa kwenye mifuko miwili, nusu naagiza, nusu namwambia binti apige namba nyingine asikilize muziki mpaka apokelewe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza dalali ni hili: mpango huu umebeba na Medicaid ya mama, au Medicare peke yake? Maana D-SNP nyingine ni jina tu. Medicaid imebaki kampuni nyingine kabisa, na kilichounganishwa ni karatasi ya makubaliano na jimbo. Swali la pili: mratibu wake atakuwa nani, yuko mji gani, atafika nyumbani? Dalali akianza kujibu kwa kutaja kadi ya chakula, mshukuru, kata simu.

Na hiyo kadi yenyewe imebadilika. Zamani wenye kadi mbili waliipata kwa sababu ya kipato tu, kupitia mradi wa majaribio wa serikali. Mradi huo ulikoma mwisho wa 2025. Sasa mpango ukitaka kutoa pesa ya chakula lazima mwanachama awe na ugonjwa sugu unaotimiza masharti. Mama mwenye afya yake anaweza kuahidiwa kadi, akajiunga, akaikosa.

Mzee wa Kijiweni

Mwalimu, nimekusoma vizuri, lakini hapo kwenye chenji ndipo panaponikera. Mgonjwa asipotibiwa, kampuni inabaki na pesa. Sisi huku kwetu tunasema umempa fisi bucha. Wewe unatuonyesha fisi anavyofagia bucha vizuri.

Baridi ya Minnesota

Mzee wangu, hoja yako ni nzito na siwezi kuikwepa, hasa mimi ninayelipwa mshahara na mfumo huo.

Utaratibu wa pesa ni mmoja, na unatoa mambo mawili yanayopingana. Kwa kuwa wanalipwa kwa kichwa, inawalipa kuweka vyuma bafuni, maana nyonga ikivunjika ni gharama yao. Medicare ya kawaida isingeweka, kwa sababu yenyewe inalipia tiba moja moja na vyuma vya bafuni havimo. Kwa kuwa wanalipwa kwa kichwa, inawalipa pia kukataa. Silaha yao ni kibali: daktari anaagiza, kampuni inasema subiri tuangalie. Aprili 2022 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani alitoa ripoti kwamba, kati ya maombi ya kibali yaliyokataliwa na mipango binafsi ya Medicare, 13% yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare. Yaani mgonjwa angekuwa kwenye Medicare ya kawaida, angelipiwa. Hiyo ni mipango binafsi yote kwa jumla, siyo SNP tu, lakini SNP zimo humo.

Ninakoona maumivu zaidi ni siku za mazoezi baada ya hospitali. Mzee kavunjika, kafanyiwa upasuaji, kapelekwa kituo cha kurudisha nguvu. Daktari wa pale anasema bado hajaweza kupanda ngazi tatu za nyumbani kwake. Barua ya bima inasema malipo yanakoma keshokutwa. Mtoto yuko kazini zamu mbili, barua iko kwa Kiingereza, mzee anarudishwa nyumbani.

Jambo ambalo watu wetu hawalifanyi ni kukata rufaa. Takwimu za 2023 za mipango hiyo binafsi: kati ya maombi yaliyokataliwa, yaliyokatiwa rufaa hayakufika 12%. Na katika hayo yaliyokatiwa, zaidi ya 80% kampuni iligeuza uamuzi, wote au sehemu. Soma tena hiyo, mzee. Kampuni inajua kwamba watu karibu tisa katika kumi watanyamaza. Siku za kukata rufaa ya kawaida ni 65 tangu tarehe ya barua. Kama afya iko hatarini unaomba rufaa ya haraka, wanatakiwa kujibu ndani ya saa 72. Ile ya kituo cha mazoezi ina njia yake, ni ya haraka zaidi, na muda wa kuomba ni mfupi mno. Barua inataja namba na saa ya mwisho. Msiiweke juu ya friji.

Kuhusu kama faida inazidi hasara: hapa Minnesota wazee wenye kadi mbili wana mpango wa MSHO tangu 1997, Medicare na Medicaid kampuni moja, mratibu mmoja. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali kuu na kutolewa 2016 uliwalinganisha na wazee wa jimbo hilo hilo ambao mambo yao yamegawanyika. Wa MSHO uwezekano wa kulazwa ulikuwa chini kwa 48%. Mtu mkali atasema wanaochagua MSHO huenda ni watu wa aina tofauti tangu mwanzo, na hilo takwimu haziwezi kulifuta lote. Mimi nauchukulia utafiti huo kama ushahidi kwamba kuunganisha kunafanya kazi pale jimbo lilipoamua kusimamia kweli. Siyo ushahidi kwamba kila D-SNP ya kila jimbo ni nzuri.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Niongezee ya I-SNP, maana ndipo nilipo. Niko kwenye nyumba ya wazee, na hizo bima zina nesi wao mwenye mamlaka ya kuandika dawa anayekuja kwetu mara kwa mara. Wazo lenyewe lilianzia huko huko Minnesota kwa Baridi, manesi wawili walilianzisha miaka ya 1980.

Uzuri wake nimeuona kwa macho. Bibi ana mkojo mchafu, joto limepanda, anaanza kuweweseka. Zamani saa nane usiku ilikuwa ni kupiga 911, ambulensi, anakaa kwenye machela kwenye korido mpaka asubuhi, anarudi na kidonda cha mgongoni na hajui yuko wapi. Siku hizi nampigia nesi wa bima, tunaanza dawa na maji ya mshipa pale pale kitandani anapopajua, na wajukuu wake wako ukutani kwenye picha.

Ubaya ni huu: kuna mtu anayepaswa kwenda hospitali na familia inazungushwa maneno ya "tumtibu hapa hapa, mtamchosha." Mara nyingi ni sahihi. Si kila mara. Familia ambayo haijakaa chini na mzee kuzungumza anataka nini, na ikaandikwa, ndiyo inayoyumba. Fanyeni mazungumzo hayo mzee akiwa bado na sauti yake.

Bin Kilwa

Jamani kila mtu wazee wazee. Kaka yangu ana 34, alipata ajali ya gari Ohio, kifuani kushuka chini hakuna hisia. Kadi zote mbili anazo. Kiti mwendo chake cha umeme kikiharibika anakaa kitandani wiki na wiki akisubiri kibali cha spea. Na mratibu anamletea karatasi za bingo na mazoezi ya viti. Kijana anataka kwenda kazini.

Mwana Lowell

Pole sana ndugu. Nawasalimu nyote kutoka Massachusetts, sisi Wakenya tumejaa hapa hadi tunauziana mursik.

Bin Kilwa umegusa jambo. Mifumo mingi iliundwa ikimfikiria mzee, kisha wakawatupia vijana wenye ulemavu ndani. Hapa kwetu waliona hivyo, kwa hivyo wako na mipango miwili tofauti. Wa miaka 65 kwenda juu wana SCO tangu 2004. Walio kati ya 21 na 64 wana One Care tangu 2013. Kwenye One Care unaweza kudai mratibu wa pili ambaye hatoki kampuni ya bima, anatoka shirika la kijamii, wakati mwingine ni mtu mwenye ulemavu mwenyewe. Huyo ndiye anapigania saa za wasaidizi na vitu kama kiti. Kaka yako aulize kama huko Ohio kuna kitu kama hicho, na aende kwa kituo cha watu wenye ulemavu wanaojitegemea. Vituo hivyo viko kila jimbo, vinaongozwa na wenye ulemavu wenyewe. Hao hawana habari ya bingo.

Sasa nataka niongee juu ya PACE, mpango wa kumhudumia mzee kwa kituo cha mchana huku akiishi kwake, kwa sababu Baridi ameiruka na mimi ndiyo ninaipenda kushinda zote. Ilianzia San Francisco, mtaa wa Wachina, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wazee wa pale hawakutaka kupelekwa nyumba za wazee mbali na chakula chao na lugha yao. Daktari wa meno William Gee na mfanyakazi wa jamii Marie-Louise Ansak wakaanzisha kituo cha On Lok: mzee anachukuliwa asubuhi na gari, anakula, anaonwa na daktari, anafanya mazoezi, anarudi kulala kwake. Mwaka 1997 sheria ikaifanya kuwa huduma ya kudumu ya Medicare. Lazima uwe na miaka 55 au zaidi, jimbo likubali kwamba hali yako inastahili nyumba ya wazee, lakini bado unaweza kuishi salama kwako.

Mimi niliendesha hilo gari. Wengi hawajui kwamba kisheria dereva ni mmoja wa timu, pamoja na daktari, nesi, mtaalamu wa lishe na wengine. Tunaketi kwa mkutano mmoja. Siku moja nikasema, yule mzee wa ghorofa ya pili zamani nikipiga honi mara moja anatokea, wiki hii nimepanda kumgongea, na amevaa viatu vya nyumbani. Daktari akaacha kalamu. Kumbe miguu imevimba haiingii kwa viatu, maji yamejaa kwa sababu ya moyo. Wakabadilisha dawa siku hiyo hiyo. Niambie ni bima gani nyingine inamuuliza dereva.

Shida yake ni kwamba haiko kila mahali, na ukiingia lazima ukubali madaktari wao. Mama yangu alikataa kwa sababu hiyo pekee.

Mama Neema Houston

Mwana Lowell umenitoa machozi na viatu vya huyo mzee.

Mimi swali langu: nimemleta mama mwaka juzi kwa grinikadi, nilimwombea mimi. Ana miaka 71, kisukari na presha. Dalali ameniambia anaweza kumpatia D-SNP. Nimkubalie?

Baridi ya Minnesota

Dada, huyo dalali hajakuuliza mama ameingia lini, ndiyo maana ana matumaini. Asiyefanya kazi hapa anaweza kununua Medicare akiwa na miaka 65, lakini mpaka awe amekaa na grinikadi miaka mitano mfululizo. Na sehemu ya hospitali atailipia kila mwezi, siyo pesa ndogo. Medicaid nayo, kwa waliokuja kwa kuombewa na watoto, majimbo mengi yanasubiri miaka mitano hiyo hiyo, na wewe uliyesaini fomu ya kumdhamini kipato chako kinahesabiwa. Bila kadi mbili hakuna D-SNP. Kwa sasa tafuta kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato, Houston zipo. Kisukari hakisubiri miaka mitano.

Bukavu Moja

Jambo kwenu. Mie niko Kentucky, tulikuja wakimbizi, tulitoka kambi ya Nyarugusu. Mama ako na Medicaid peke yake. Tumesikia kama wakimbizi watatolewa. Ni ukweli ao ni maneno ya watu? Tena akiendaga ku hospitali wananitakaga mie ndiye nitafsiri. Kuna mambo ya mama mtoto mwanaume hapaswi kusikia.

Baridi ya Minnesota

Karibu sana ndugu. La kwanza ni kweli kwa sehemu. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inasema kuanzia 1 Oktoba 2026 Medicaid ya kawaida inabaki kwa raia, wenye grinikadi na makundi machache mengine. Mkimbizi ambaye bado hajapata grinikadi hayumo. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba akishakaa mwaka mmoja, kwa fomu ya I-485. Kama mama hajaomba, nenda kwenye shirika lililowapokea wiki hii, usimpe pesa mtu wa mtaani akujazie.

La pili: acha kutafsiri. Hospitali au bima inayopokea pesa za serikali inatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, msingi wake ni sheria ya haki za raia ya 1964. Kiswahili kinapatikana kwa simu au kwa video karibu kila mahali. Mama akiwekewa miadi, wewe sema kabla: mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, mwanamke. Usiseme Kiswahili tu, wanaweza kumpa Mtanzania kama mimi anayezungumza kwa mafumbo ya pwani, wakabaki wanatazamana.

Mwana Lowell

Hahaha, na ukipata wa Nairobi ndiyo mama atatoroka.

Kuna jambo moja hakuna mtu amesema, na familia zinaligundua kwa mazishi. Medicaid ikilipia huduma za muda mrefu kwa mtu wa miaka 55 kwenda juu, akifa jimbo ni lazima lijaribu kurudisha pesa kutoka kwa mali yake. Kama nyumba iko kwa jina la mama, nyumba hiyo ni mali. Hawagusi kama mwenzi wake yuko hai, au kuna mtoto chini ya miaka 21, au mtoto mwenye ulemavu. Na kwa hii mipango ya kulipa kwa kichwa, majimbo mengine yanadai ile ada ya kila mwezi, hata kama mama hakutumia huduma za thamani hiyo. Ongea na wakili wa mambo ya wazee mapema, si baada ya matanga.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Hii ya ada ya kila mwezi sikuijua, na nina miaka mingi kwenye kazi hii. Asante.

Bin Kilwa

Asanteni kwa ya kituo, nimeshawapata, wamempa kaka miadi. Lingine: analetewa bili za 20% kutoka kwa daktari wa mifupa. Analipa kidogo kidogo kwa kadi ya mkopo.

Baridi ya Minnesota

Aache kulipa leo, akague kwanza. Wengi wenye kadi mbili wako pia kwenye QMB, programu ya kuwalipia wenye kipato kidogo sehemu ambayo Medicare imewaachia, na aliye QMB haruhusiwi kisheria kudaiwa hiyo 20% na mtoa huduma yeyote wa Medicare. Si suala la huruma, ni marufuku. Apige ofisi ya Medicaid ya jimbo aulize kama yumo. Akiwa yumo, ampigie daktari awatajie QMB, na pesa aliyokwisha kulipa airudishiwe. Wakiendelea kumsumbua, apige namba ya Medicare yenyewe aripoti.

Na kwa wote: kila jimbo lina ofisi ya ushauri wa Medicare inayolipwa na serikali, haiuzi bima ya mtu. Hapa ni Senior LinkAge Line, Massachusetts inaitwa SHINE, kwingine majina mengine. Dalali analipwa kamisheni kwa kila unayemsajili. Hawa wa ofisi hawalipwi hivyo, ndiyo maana wana muda wa kuangalia kama daktari na dawa za mama zimo kwenye orodha.

Mama Neema Houston

La mwisho nikuache ule. Shangazi yangu yuko huko kwako, MSHO, ana kadi mbili na mratibu wanayependana. Watoto wanataka kumleta Houston akimbie theluji. Bima atahama nayo?

Baridi ya Minnesota

Hahami nayo, dada. Medicaid ni ya jimbo, ikifa ya Minnesota na MSHO inakufa. Medicare yake ya msingi inabaki, lakini Medicaid ya Texas anaomba upya kwa masharti ya Texas. Asidhani kwamba saa za msaidizi alizonazo hapa atapewa zile zile huko. Kwa baadhi ya huduma za nyumbani Texas kuna orodha ya kusubiri. Kwa kuwa yumo kwenye programu za kipato, hasubiri Oktoba: tangu 2025 mwenye kadi mbili anaweza kila mwezi kurudi Medicare ya kawaida, au kuingia mpango uliounganishwa kama uko eneo lake na unaendana na Medicaid yake.

Kabla hajapanda ndege, amwambie mratibu wake amtolee nakala ya mpango wa huduma, orodha ya dawa, na tathmini ya mwisho inayoonyesha anahitaji msaada wa nini na nini. Ajaziwe dawa za mwezi mzima. Na wewe huko anza kutafuta daktari anayepokea kadi mbili sasa hivi, kabla hajafika.